Kabla hujavalisha ukuta kitambaa, sema kwanza ni kelele gani inakusumbua

Mimi ni fundi wa mapazia na makochi hapa Dodoma, kibanda changu kiko upande wa Majengo, na hii kazi ya kuvalisha kuta kitambaa ili chumba kitulie nilijikuta nimeingia tu, mteja alikuja kushonesha mapazia ya ofisi akaniuliza kama naweza kuweka na ukutani maana wakikaa kikao hawasikilizani. Toka hapo nimefanya ofisi, vyumba vya mikutano, kanisa dogo, studio za vijana na sebule za watu, na kuna kitu kimoja kinajirudia kila mahali, wengi wanaokuja wanataka kitambaa kifanye kazi ambayo sio yake, wanalipa, alafu wananuna.

Kwahiyo siku hizi kabla sijatoa futi mfukoni nauliza, kelele inayokusumbua inatoka wapi? Akisema baa ya jirani, au jenereta, au bodaboda barabarani, namwambia kaka yangu hapo usinipe hela yako. Kitambaa hakizuii sauti isiingie wala isitoke. Kuzuia sauti kunataka uzito na kuziba matundu, ukuta mnene, mlango mzito unaofunga vizuri chini, dirisha lisilo na nafasi. Na nyumba zetu nyingi zina tatizo ambalo mtu halioni, ukuta wa kati ya chumba na chumba unaishia kwenye linta au juu yake kidogo, alafu jipsamu inapita juu ya vyumba vyote, kwahiyo sauti inapanda inatembea darini inashukia chumba cha pili kama vile hakuna ukuta. Mzee mmoja pale Area C alikua anataka avalishe chumba chake chote velveti ili asisikie luninga ya wajukuu, nikamwambia shikamoo mzee, velveti utabaki nayo na katuni utazisikia vilevile, pandisha ukuta mpaka kwenye bati kwanza. Alicheka. Akapandisha, sikupata kazi pale ila wateja walioletwa na yule mzee ni wengi kuliko ambao ningepata kwa kumdanganya.

Kazi ya kitambaa ni mwangwi wa humohumo ndani. Mtu anaongea, sauti inagonga ukuta inarudi, inagonga wa pili inarudi, maneno yanapandana mpaka "tano" na "tisa" zinafanana. Hicho ndo kitambaa kinakula.

Na Dodoma mwangwi tunao wa kutosha, sababu yake ninaijua kwa macho. Mji ulitangazwa makao makuu mwaka 1973 lakini kishindo chenyewe kilikuja 2016 serikali ilivyosema sasa tunahama kweli, watu wakaja kwa wingi, nyumba za kuishi Area D na Kisasa zikageuzwa ofisi kabla ya mji wa serikali kule Mtumba kukaa sawa, sebule ikawa chumba cha mikutano. Alafu angalia namna tunavyojenga: tofali za saruji, plasta, skimu laini, chini taili, juu jipsamu, madirisha ya aluminiamu yenye kioo kikubwa. Hamna hata kitu kimoja laini humo ndani. Kwenye tembe za kwetu za zamani za huku Bahi na Chamwino sikumbuki kusikia mwangwi, chumba kifupi, ukuta wa udongo wenye mikwaruzo, vilindo vya nafaka, ngozi chini, watu wamejaa. Nyumba ya kisasa ni nzuri ila inapiga kelele yenyewe.

Kuna habari moja naipenda kwasababu inahusu watu wa fani yangu. Mtu wa kwanza kulipima hili jambo kwa hesabu ni mwalimu wa fizikia wa Marekani, Wallace Sabine, chuo cha Harvard, alianza 1895. Walikua na ukumbi wa mihadhara ambao mwalimu akisema neno linabaki linazunguka sekunde kama tano na nusu, hamna mwanafunzi anaelewa. Basi yule bwana alikua anabeba mito ya kukalia kutoka kwenye ukumbi mwingine wa maonyesho, usiku mji ukiwa kimya, anaipanga, anapiga filimbi ya kinanda cha kanisani, anapima kwa saa inachukua muda gani sauti ipotee, anaongeza mito anapima tena, alafu kabla ya asubuhi mito inarudishwa. Mito ya viti jamani! Kanuni aliyoitoa mpaka leo ndo hiyohiyo: chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha 0.161, gawa kwa jumla ya unyonyaji wa vitu vyote vilivyomo ndani, yaani sauti vinayoimeza, unapata sekunde ambazo sauti inachukua mpaka ipotee.

Hiyo hesabu nimeijua na sasa naifanya mbele ya mteja kwenye simu, inamaliza ubishi. Chukua chumba cha mikutano mita 8 kwa 5, kwenda juu 3. Ujazo ni 120. Sakafu, dari na kuta zote ukijumlisha unapata mita za mraba 158, na vitu vigumu kama taili na plasta vinanyonya kidogo mno, tuseme 0.05 kwa kila mita ya mraba, yaani sehemu tano za mia za sauti inayogonga hapo, jumla ni kama 8. Jibu linakuja karibu sekunde mbili na nusu. Chumba cha kuongea kinatakiwa kiwe kwenye nusu sekunde na kitu hivi. Sasa ukibandika kitambaa peke yake ukutani kwa gundi, mita za mraba 20, ambacho chenyewe kinanyonya labda 0.2, unashuka mpaka kama sekunde 1.8. Umetumia hela na mtu hatoona tofauti ya maana. Ila zile mita 20 hizohizo ukiziweka na pamba ya rokwuli, ile ya nyuzi za mawe, yenye unene wa sentimita mbili na nusu nyuma ya kitambaa, hapo inanyonya 0.7 au zaidi, unashuka chini ya sekunde moja kabla watu hawajaingia, na watu wenyewe wakikaa na nguo zao wananyonya kilichobaki.

Kwahiyo kitambaa ni shati tu, mwili uko nyuma yake. Unene ndo unaofanya kazi. Sauti nyembamba, zile za "s" na "t", kitambaa chembamba kinazishika, ila sauti nene inahitaji kina. Kuna vijana wa studio, mmoja yuko Nkuhungu, alikua amebandika trei za mayai ukuta mzima, kaka wa watu kakusanya trei kwa mama ntilie na maduka ya mayai miezi, alafu besi bado inavuma kwenye kona. Trei za mayai zinakata kidogo huko juu, besi haziigusi kabisa, na ni karatasi, moto ukija ni petroli. Tulivua zote. Tukaweka fremu za mbao zenye rokwuli ya sentimita tano, na tukaacha nafasi ya hewa ya sentimita tano nyingine kati ya fremu na ukuta, ile hewa ni ya bure na inasaidia sauti nene kuliko watu wanavyodhani. Kwenye kona tukajaza unene zaidi. Sasa hivi anarekodi zeze na marimba za Kigogo humo na zinatoka safi, unasikia mpaka kidole kinavyogusa.

Kuchagua kitambaa chenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyofikiria. Weka mdomoni, puliza. Pumzi ikipita na sauti itapita iende ikafie kwenye pamba nyuma, pumzi isipopita umeweka plastiki ukutani. Ile ngozi ya plastiki ya makochi inapendeza lakini inarudisha sauti, na vitambaa vingine vya pazia vina utando wa mpira upande wa nyuma wa kuzuia jua, hivo navyo hapana. Wateja wengi wanataka kitenge, sina shida nacho, kinapitisha hewa, ila kitenge na gundi ya maji havielewani, kinalowa, kinasinyaa, michoro inapinda, kwahiyo kitenge nakivuta kwenye fremu na pini za stepla, sikibandiki.

Na moto. Hapa huwa nakua mkali hata na wateja wakubwa. Sponji ya godoro haiingii kwenye ukuta wangu, hata ukinipa kazi ya nyumba nzima. Mwaka 2003 huko Rhode Island, Marekani, klabu ya usiku ilikua na sponji ukutani kupunguza kelele, fataki za jukwaani zikaidaka, watu 100 walikufa. 2013 Brazil, mji wa Santa Maria, mambo yaleyale, 242. Sponji inawaka haraka na moshi wake ni sumu, mtu anaanguka kabla moto haujamfikia. Rokwuli ni mawe yaliyoyeyushwa yakavutwa nyuzi, haishiki moto. Kitambaa nacho nakata kipande, natoka nje, nashika kwa koleo, nawasha kiberiti mbele ya mteja: kikiwaka na kudondosha matone ya moto tunatafuta kingine, kikijizima chenyewe tunaendelea. Sio kipimo cha maabara lakini kinamfungua mtu macho. Kama ni ukumbi wa watu wengi namwambia anunue kile chenye cheti cha kuhimili moto, hapo kiberiti changu hakitoshi.

Tukishakubaliana, ndo naangalia ukuta, na ukuta ndo unakula muda kuliko kitambaa. Cha kwanza napitisha kiganja. Kikitoka cheupe kama unga, hiyo ni rangi ya maji ya bei ya chini, gundi itashika rangi vizuri kabisa alafu rangi itaachia ukuta, utakuta kitambaa chote kimelala chini kimebeba rangi mgongoni. Inakwanguliwa, inapigwa msasa, inapakwa praima. Rangi ya mafuta inayong'aa nayo inakwaruzwa msasa iwe na meno. Plasta mpya naisubiri mwezi, saruji bado ina ukali wake, inakula gundi na inaweza kubadilisha rangi ya kitambaa.

Cha pili ni chumvi. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa, unajua ile plasta inayovimba kuanzia chini mpaka kwenye goti, inatoa unga mweupe, unapaka rangi baada ya msimu mmoja inabanduka. Udongo na maji ya sehemu nyingi hapa vina chumvi, unyevu unapanda ukutani unaibeba, maji yanakauka chumvi inabaki. Wapo wanaoniita niifiche kwa kitambaa, dada tuwekee tu hapo chini paonekane pazuri. Sifichi. Kitambaa juu ya chumvi kitaoza na kunuka na mimi ndo nitapigiwa simu. Pale ambapo nina mashaka nakata nailoni ya mraba, nabandika ukutani na tepu pande zote nne, naiacha usiku na mchana, nikirudi nikakuta ukungu wa maji kwa ndani basi ukuta unahema maji na hatubandiki kitu. Kwenye kuta za namna hiyo suluhisho langu ni fremu zinazoanzia juu ya goti, zimeachana na ukuta kwa vipande vya mbao, hewa inapita nyuma. Na kwa kweli huko chini hakuna faida kubwa, midomo na masikio ya watu waliokaa na waliosimama yako kati ya sentimita sitini na mita mbili, weka kitambaa hapo.

Kubandika sasa. Jora lifike siku moja kabla, lifunguliwe, lilale humohumo chumbani lizoee hewa. Hakikisha majora yote yametoka kwenye rangi ya mkupuo mmoja, namba iko kwenye karatasi ya jora, ukichanganya utaona mstari ukutani jua la saa kumi likipiga ubavuni, na mteja atauona kabla yako. Vile vitambaa maalum vya ukutani vingi vina upana wa sentimita 137, kwahiyo napima, napiga timazi, nachora mstari wa wima wa kwanza, siamini kona ya chumba hata kama fundi mwashi ni ndugu yangu. Vipande vyote vielekee upande mmoja, vina manyoya kama mahameli, kimoja ukikigeuza juu chini kinaonekana rangi nyingine.

Gundi inapakwa ukutani, sio kwenye kitambaa. Na hapa ndo video za wenzetu wa nchi za unyevu zinawadanganya vijana wangu, wanasema paka ukuta mzima alafu subiri gundi ishike. Jaribu hivyo Dodoma mwezi wa nane, upepo mkavu unavuma, dirisha liko wazi, ukigeuka kuchukua kitambaa gundi imeshakua kioo. Mi napaka upana wa kipande kimoja na vidole vichache vya ziada, nafunga madirisha, nazima feni, nabandika, ndo napaka kingine. Masika kidogo unapumua. Unalaza kuanzia juu, unakisukuma kwa kifuto cha plastiki taratibu kutoka katikati kwenda pembeni, usikivute, kitambaa kilichovutwa kinarudi kwenye urefu wake usiku na asubuhi unakuta maungio yamefunguka. Usikandamize sana pia, ukibonyeza manyoya ukaingiza gundi mpaka usoni umeziba vile vitundu ulivyovilipia.

Maungio nalaza kipande cha pili juu ya cha kwanza kidogo, naweka rula ya chuma, nakata vyote viwili kwa pamoja, natoa ukanda wa juu na wa chini, vinakutana vimenyooka. Wembe mpya kila mkato. Vijana wananiona mbahili wa kila kitu isipokua wembe. Gundi ikidondokea usoni mwa kitambaa, futa saa hiyohiyo kwa sponji yenye maji safi, ikikauka imeshakua doa. Soketi na swichi umeme unazimwa kwenye meni, kifuniko kinafunguliwa, kitambaa kinakatwa kiishie ukingoni, hakiingii ndani ya boksi la waya, na rokwuli haisogei hapo.

Sio lazima ufunike chumba kizima, na hili linawashangaza wateja maana wanategemea fundi atake mita nyingi. Kuta mbili zinazotazamana zikiwa tupu sauti inacheza kati yake tatata, piga kofi utaisikia, ukivalisha mmoja tu ule mchezo unakufa. Kwenye lile kanisa tulikua na mgogoro wa kweli. Mchungaji anataka mahubiri yasikike, kwaya wanataka ukumbi uimbe, na wote wana haki, maneno yanataka chumba kikavu na nyimbo zinataka chumba chenye mwangwi kidogo. Tulikaa pale tunapiga makofi na kuimba aya mojamoja, mama mmoja wa kwaya ana sikio kuliko kipimo chochote. Mwisho tukavalisha ukuta wa nyuma peke yake, ule unaotazamana na spika, maana huo ndo ulikua unarudisha mahubiri yakiwa yamechelewa, kuta za pembeni karibu na kwaya tukaziacha tupu. Mwenyekiti wa kwaya hajaridhika mpaka leo, anasema sauti zao zimepungua utamu. Kuna ukweli ndani yake.

Baada ya hapo kazi inabaki kwa wenye chumba, na adui wao ni vumbi. Kuanzia Mei mpaka Novemba huku mvua hamna na upepo hauna huruma, vumbi jekundu linakaa kwenye kila uzi. Rangi ya krimu inaombwa na kila mtu, mi nashauri rangi inayokaribia udongo wenyewe, hapo vumbi likija linakuta ndugu zake. Linavutwa kwa mashine ya kunyonya yenye brashi laini, kuanzia juu kushuka, maji na sabuni hapana. Na tafadhali msipake rangi. Kuna ofisi walibadilisha mkuu, mkuu mpya hakupenda ile rangi ya kahawia, akaita mchoraji akapiga emalshen juu ya kitambaa mikono miwili. Nilipoitwa kuangalia kwanini kelele zimerudi nilipuliza pale ukutani, pumzi ikanirudia usoni. Kitambaa kilivuliwa, rokwuli nyuma ilikua nzima haijaharibika, tukavalisha upya juu ya fremu zilezile.

Kila kazi naacha mita mbili za jora lilelile kwa ajili ya kiraka, nawaambia waikunje waifungie kabatini isipigwe jua. Ukienda baadae kuziba palipochanika unakuta imeshonwa kitambaa cha meza ya chai.